Fundi cherehani mmoja, ukoo mzima

Sitaficha, nilitaka kuiga. Niliona filamu ya Waingereza ya mwaka 1949, Kind Hearts and Coronets, iliyotengenezwa kwenye studio za Ealing, London, na kuongozwa na Robert Hamer. Kijana ambaye mama yake alikataliwa na ukoo wake wa kikabaila anaamua kuwaondoa, mmoja baada ya mwingine, wote waliosimama kati yake na cheo. Na hao wa ukoo wote, wanane, wanaigizwa na Alec Guinness peke yake. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Basi nami nikaandika yangu. Pangani, mwaka 1952, mzee mwenye minazi na nyumba ya mawe, kijana anaua ndugu zake. Nikampelekea sheikh mmoja anayeijua mirathi, anikagulie maneno tu. Alisoma kurasa mbili akanirudishia. "Mwanangu, huyu kijana wako mjinga. Muuaji harithi. Akimuua babu yake hapati hata nazi moja."

Niliona aibu, maana ni kitu ambacho hata watoto wa madrasa wanakijua. Kwa wale Waingereza cheo kinamwendea mtu mmoja, kwa hiyo ukifyeka foleni unafika mbele. Kwetu mali inakwenda kwa mafungu, na ukiua umejitoa mwenyewe. Wasia nao hauna msaada: hauvuki theluthi, na mrithi haachiwi wasia ila wenzake waridhie. Nikamuuliza, sasa sisi tunafanyiana njama gani? Akacheka, kumbe naye ana yake. Akanieleza habari ya nani atangulie kufa.

Mzee ana watoto wawili wa kiume, Ali na Omari. Ali akimtangulia baba yake, hata kwa saa moja, watoto wa Ali hawapati kitu, kwa sababu Omari yu hai na mwana humzuia mjukuu. Lakini Ali akifa saa moja baada ya baba, fungu lake limeshakuwa lake, linawashukia mkewe na wanawe. Sasa walaze baba na Ali nyumba moja, wote hoi. Mke wa Omari anampikia mkwewe supu ya kuku usiku na mchana, anamwombea umri mrefu kwa machozi. Mke wa Ali anamtazama mzee huyo huyo kwa jicho la "baba, pumzika". Na Ali anapokata roho alfajiri, mkewe anamvisha kofia, anamkalisha kitini kwenye kikao cha ukoo na kusema amelala. Basi. Sikuhitaji tena sumu wala panga.

Hadithi niliipata bure. Watu ndio walinishinda. Mke wa Ali alikuwa dada yangu, hana pa kukimbilia. Ila kwenye kikao nilitaka watu watano: Omari, shangazi mtu, mzee wa ukoo, mjomba asiyerithi chochote lakini ana maneno kuliko wote, na marehemu Ali. Kila niliyemwita alitaja nauli kabla ya salamu. Aliyekuja bila masharti ni rafiki yangu fundi cherehani, mwenye uso ambao ukiutia ndevu ni mtu mwingine. Nikasema basi, wote watano awe yeye. Nilidhani nimeokoa hela ya chakula. Alikula kwa watano.

Jamaa mmoja anayejiita prodyuza alinishauri nifanye picha za nyeusi na nyeupe, eti kila kitu kitaonekana cha zamani. Uongo mtupu. Ndoo ya plastiki ni ndoo ya plastiki hata ikiwa ya kijivu. Ya zamani unaipata kwa kuondoa: niliondoa ndoo, kandambili, na dishi la jirani nikalivika makuti. Tukaingiza mtungi, makubadhi, karabai, na kijaluba cha bibi chenye shilingi za King George za simba na senti kumi zenye tundu. Bibi alizihesabu kabla na baada. Prodyuza huyo huyo akanisukumia kitambaa cha kijani cha kupigia picha halafu unaweka nyuma unachotaka. Mita sita. Ndevu za mjomba zikatoka na ukungu wa kijani kama mwamba wenye mwani. Sasa hivi ni mapazia.

Nikarudi kwa Waingereza wangu. Kuna mahali Guinness anaonekana mara sita kwenye picha moja. Mpiga picha wao, Douglas Slocombe, alikuwa anaziba sehemu ya lenzi, anapiga mtu mmoja, anarudisha filamu nyuma, anaziba pengine, anapiga wa pili, mpaka sita. Sisi tuna kompyuta, tunapiga mara tano na kuunganisha. Masharti hayajabadilika: kamera isisogee hata unywele, na mwanga ubaki ule ule.

Mwanga! Mara ya kwanza tulipiga barazani, mchana. Kubadili nguo na ndevu kunakula karibu saa mbili. Mjomba tulimpiga saa mbili asubuhi, shangazi saa sita, Omari tukamfikia saa kumi. Usiku nikaunganisha. Kivuli cha mjomba kimelala magharibi, cha Omari mashariki, shangazi hana kivuli kabisa kama jini. Mjomba anampa Omari mkono, mmoja yuko asubuhi, mwenzake yuko alasiri. Fundi akatazama kwa utulivu, akasema, "Hawa hawawezi kurithiana, hata hawajaonana."

Tukahamia ndani, usiku, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi. Karabai ilipendeza, lakini upepo ukipungua inafifia, kwa hiyo ikabaki ya kuonekana tu. Mwanga wenyewe ulitoka kwenye balbu mbili nilizozifunika karatasi ya kaki. Tulifika mtu wa nne, fundi akaishiwa nguvu. Nilikuwa nimesoma kwamba Slocombe alilala studio pamoja na kamera yake ili asiiguse mtu. Nami nikatandika mkeka chini ya stendi, mbu wakanila, nikajiona mtu wa Ealing. Alfajiri shangazi yangu, mwenye nyumba, akaamka kuswali, akashika ufagio. Nilipozinduka stendi iko pembeni, imekunjwa vizuri. "Nimekusogezea vyombo vyako baba, usije ukajikwaa." Nikashukuru. Ungefanyaje?

Ya tatu ndiyo ninayojivunia. Makopo matatu ya maziwa ya unga, zege, miguu ya stendi ndani ya zege likiwa bichi. Stendi imekwisha kazi, nakubali, lakini shangazi alifagia akaizunguka. Sakafuni nikachora mistari ya chaki: ukivuka wako, mkono unakatwa kwenye kompyuta. Kwenye kila kiti kitupu nikasimamisha fimbo yenye kifuu kwa kimo cha kichwa, ili fundi ajitazame machoni. Maneno ya wote tuliyarekodi mapema, yakawa yanalia kwenye simu chini ya mkeka, naye anajijibu. Kuna mahali alijikatiza akajiomba radhi. Nimepaacha.

Ali ndiye tuliyemweka mwisho, saa nane usiku, kukaa tu na kofia. Dakika ya pili maiti akakoroma. Nilikuwa karibu kulia, kisha nikafikiri: si mkewe kasema amelala? Tukaongeza mtoto wa Ali, amejificha nyuma ya pazia, anamkoromea baba yake. Hapo ndipo watu huanguka.

Gharama sikumbuki vizuri, laki mbili na kitu, ukitoa wali. Tulionyesha uani kwa shuka, dakika kumi na nne. Filamu ikaisha, watu hawaondoki, wanabishana: mtoto aliyekoroma alaumiwe? Mjomba kwa nini aliitwa kikaoni? Mama mmoja akanivuta kando kuuliza yule mzee wa ukoo ni wa wapi na kama ana mke. Fundi alikuwa amekaa nyuma yake, anakula.

Makopo mawili shangazi anazuilia mlango wa uani. La tatu liko jikoni, anapondea vitunguu saumu.