Tasi, mwani na kidole kilichonitesa miezi kumi

Ilikuwa Agosti 2023, kusi bado inavuma, mume wangu akarudi na dema lake, mtego wa samaki, na tasi kama kumi hivi, wale samaki wa miba. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza natoka kwenye shamba langu la mwani. Kwetu Kiuyu, Pemba, bamvua ndiyo siku zetu sisi wanawake wa mwani: maji yakitoka tunaingia, yakianza kujaa tunatoka. Mikono ilikuwa imelainika na kukunjamana kwa kushinda majini. Nikavuta kigoda, nikashika kisu, na tasi wa tatu akanichoma kwenye fundo la kidole cha kati, mkono wa kulia.

Anayemjua tasi anajua uchungu wa mwiba wake. Nikatia mkono kwenye maji moto kadiri nilivyoweza kustahimili, maumivu yakapoa, nikamaliza kutengeneza kitoweo, tukala. Kesho yake nikarudi baharini kama kawaida. Mwiba nikausahau.

Baada ya wiki tatu hivi, pale pale penye fundo pakatoka kijipu chekundu, kigumu, kisichouma sana. Nikangoja kiive. Hakikuiva. Kiligeuka rangi ya zambarau, kikapasuka, kikatoa majimaji badala ya usaha, kikafanya gaga. Gaga likibanduka, chini yake kidonda kiko vile vile.

Miezi minne iliyofuata naipita haraka, kwa sababu kila nilichopewa kilikuwa ni kile kile. Kituo cha afya wakanipa dawa za rangi mbili, nikamaliza dozi. Hospitali moja wakanichoma sindano siku tano, wakapasua wakitafuta usaha, hawakuupata. Nyumbani mama mkwe alinikandia manjano na chumvi. Jambo moja tu sitaki kulipita, nalo ni mafuta niliyouziwa dukani kuwa ni "ya ngozi". Wiki ya kwanza wekundu ulipungua, nikafurahi. Wiki ya tatu kidonda kikapanuka mara mbili. Baadaye nilielezwa kwamba mafuta yale yalikuwa na steroidi, dawa inayotuliza uvimbe kwa kuulaza ulinzi wa mwili pale unapopakwa. Nilikuwa nawafungulia mlango vijidudu kwa mkono wangu.

Kufika Disemba vinundu vikaanza kupanda. Kimoja nyuma ya kiganja, kimoja kwenye kifundo cha mkono, viwili kwenye mkono kuelekea kiwiko, vyote kwenye mstari mmoja. Vilijipanga kama mbegu za mwani zilizofungwa kwenye kamba, kwa nafasi zinazokaribiana. Hapo ndipo neno ukoma likaanza kusemwa, kwanza kwa kunong'ona. Kwenye harusi ya binti wa jirani tulikaa wanne kwenye sinia moja, na mwenzangu niliyekaa naye bega kwa bega akauvuta wali wake upande wa pili, akaacha pengo baina yake na mkono wangu. Hakusema kitu. Iliniuma kuliko kidonda.

Januari 2024 tukapanda meli Mkoani, tukashuka Malindi, kaka yangu akanipeleka kliniki ya ngozi mjini Unguja. Daktari alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, amesomea magonjwa ya ngozi Moshi, hospitali ya KCMC. Alinifumbisha macho, akanigusa kwa pamba kwenye kila kinundu na pembeni yake, nami nikawa namwonyesha aliponigusa. Nilihisi pote. Akanipapasa mishipa ya kiwikoni, haikuwa imevimba. Akasema, "Mama, dalili za ukoma sizioni hapa." Nililia pale pale kitini, akaniacha nilie.

Kisha akauliza swali ambalo miezi mitano hakuna aliyeniuliza: "Mkono huu unafanya kazi gani?"

Nikamwambia yote: mwani, kamba, vigingi, na yule tasi. Alipolisikia jina la tasi aliiweka kalamu chini. Naamini kwa moyo wangu wote kwamba swali lile ndilo lililoniponya, kabla ya dawa yoyote. Kila niliyepita kwake alikiangalia kidonda. Yeye alitaka kujua mkono ulikuwa wapi. Ndiyo maana sasa kila mwenzangu wa pwani anayekwenda kutazamwa jeraha lisilopona namwambia aanze na maji: aliingia maji gani, alishika nini, lini.

Alichoshuku kinaitwa Mikobakteria marinamu. Ni ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, lakini maskani yake ni majini, kwa samaki, na huingia kwa mtu kupitia mchubuko au mchomo. Kilitambuliwa kwanza kwa samaki waliokufa kwenye matangi ya maonyesho huko Philadelphia, Marekani, mwaka 1926, na mwaka 1951 kikaelezwa kwa watu waliokuwa wakiogelea kwenye bwawa nchini Sweden. Ulaya wanaokipata siku hizi wengi ni wanaofuga samaki wa mapambo kwenye matangi ya kioo. Ni ugonjwa adimu, na hauhami kutoka mtu kwenda kwa mtu. Hilo la mwisho nilimwomba alirudie, kaka yangu naye alisikie.

Mimi nikamuuliza mbona haukuingia tumboni wala kifuani. Akasema kijidudu hiki kinapenda ubaridi. Kinastawi kwenye nyuzi 30 hivi, na joto la ndani ya mwili, nyuzi 37, linakidhoofisha. Ndiyo maana hukaa vidoleni, viwikoni, magotini, kisha husafiri kwa mishipa ya limfu, njia za majimaji ya mwili chini ya ngozi, na ile safu ya vinundu ndiyo njia yake.

Alinitia ganzi akakata vipande viwili vya nyama, kila kimoja kama mbegu ya papai. Kimoja alikitia kwenye chupa ya fomalini, cha pili kwenye maji ya chumvi masafi, ili kijidudu kioteshwe maabara. Nilipomuuliza kwa nini asivichanganye, akasema fomalini inaua kila kitu, na kilichokufa hakioti. Kwenye fomu ya maabara aliandika kwa herufi kubwa kwamba kioteshwe kwa nyuzi 30, kwa sababu vipimo vya kifua kikuu huoteshwa kwa nyuzi 37, na kwa joto lile kijidudu changu kingeweza kukataa kuota, jibu likarudi kwamba hakuna kitu.

Kwenye darubini walionekana vijidudu vichache vyekundu vyenye umbo la fimbo. Kipimo cha GeneXpert, kinachotafuta kifua kikuu chenyewe, kikasema hakuna. Kwa kuona fimbo zile tu, zinazofanana na za kifua kikuu, ingekuwa rahisi mtu kuanzishiwa vidonge vyake, na baadhi yake, kama aisoniazidi na pirazinamidi, havikiwezi kijidudu hiki. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa haujaguswa. Akaamua nianze dawa bila kungoja, maana majibu ya kuotesha huchukua wiki nyingi. Yalikuja wiki ya sita, na alikuwa sahihi.

Nilipewa klarithromaisini miligramu 500 asubuhi na usiku, pamoja na ethambutoli mara moja kwa siku. Klarithromaisini tuliinunua wenyewe. Zamu yangu ya upatu ilikwisha yote pale, na bangili moja ikaifuata. Dawa ile inaacha kinywani ladha ya chuma, kama umenyonya msumari. Ramadhani ilipoingia Machi nilimpigia daktari simu, akaniambia nina ruhusa ya kula. Nikamwambia nina nguvu za kufunga, tukapanga kidonge kimoja wakati wa futari na kimoja wakati wa daku. Mwezi mzima ule uji wa futari na mihogo ya nazi vilikuwa na ladha ya msumari.

Ethambutoli ina hatari ya macho: inaweza kudhuru mshipa wa kuonea, na mara nyingi nyekundu na kijani ndizo zinazotangulia kufifia. Kila mwezi nilipimwa, na nyumbani nilijiwekea kipimo changu. Nilitundika kanga mbili mlangoni, nyekundu na ya kijani, na kila baada ya alfajiri nafumba jicho moja, naangalia, nafumba la pili, naangalia. Mwanangu mdogo akawa anauliza, "Mama, leo ni rangi gani?"

Wiki nne za mwanzo hakuna kilichobadilika, na hizo ndizo zilizonishinda kulala. Wiki ya tano kinundu cha juu kabisa kikawa laini. Kisha cha chini yake. Vilishuka kama vilivyopanda, na kidonda cha kidole kikafunga mwisho kabisa, katikati ya Aprili. Nilitaka kuacha dawa siku ile ile, pesa zilikuwa zimekwisha. Daktari alikataa kwa upole: miezi miwili baada ya ngozi kufunga, kwa sababu vijidudu vinavyobaki ni vile vilivyojificha ndani. Kaka yangu akauza mbuzi.

Nilimeza kidonge cha mwisho siku chache kabla ya sikukuu ya Mfungo Tatu, Juni 2024. Siku hiyo ya sikukuu yule mwenzangu wa sinia alikuja kunitazama, akaushika mkono wangu akaugeuza, akauangalia kwenye mwangaza wa mlangoni. Nilimweleza kijidudu kinatoka wapi na kwamba hakikuwa kinamfikia yeye. Aliniomba radhi, nikampa.

Sasa naingia na glavu za mpira, na mkono ukichubuka nausugua kwa sabuni na maji ya kisima kabla sijafanya lolote. Tasi anatengenezwa na mume wangu. Kidole hakikunji chote. Kamba nazifunga kwa gumba na shahada, na wifi yangu, aliyenishikia shamba muda wote ule, akifunga kumi mimi nakuwa kwenye ya nane.