Mara ya Tatu ya Saoirse Ronan

Tarehe 4 Machi 2018, Tuzo za Oscar zilipotolewa kwa mara ya 90 katika ukumbi wa Dolby huko Los Angeles, mwigizaji Saoirse Ronan alikuwa na umri wa miaka 23, na hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kuteuliwa. Nilikuwa shabiki wake tangu filamu ya Atonement. Kwa sababu ya tofauti ya saa, sherehe iliyokuwa ya jioni kwa waliomo ukumbini ilinikuta katika saa za mwisho wa usiku, nikiwa mbele ya televisheni pamoja na dada yangu mkubwa, ambaye hakuwa shabiki wa mtu yeyote na aliyekubali kukesha nami kwa sharti moja tu: nimweleze ni kitu gani hasa nilichokiona kwa binti huyo.

Nilianza na Atonement, iliyotoka mwaka 2007 chini ya uongozaji wa Joe Wright. Ronan anaigiza humo kama Briony, msichana wa miaka 13 ambaye, akiwa dirishani, anawaona dada yake na kijana wa mtumishi wa nyumba yao kando ya chemchemi, asielewe anachokiona, kisha akajitungia maelezo yake mwenyewe ambayo baadaye yanayavuruga maisha ya watu wote watatu. Mhusika huyohuyo anaigizwa na Romola Garai akiwa kijana na Vanessa Redgrave akiwa mzee, na hao si waigizaji wa kubezwa, lakini nilipomaliza kuitazama filamu ile ni uso wa yule mtoto uliobaki akilini mwangu. Hasemi lolote pale dirishani. Unamwona tu akifikiri, na unaona jinsi fikra inavyopinda taratibu kuelekea kwenye uongo ambao yeye mwenyewe anauamini. Kwa kazi hiyo aliteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora wa kike msaidizi akiwa na umri wa miaka 13, na tuzo ikaenda kwa Tilda Swinton.

Dada alinisikiliza, kisha akasema, "Mdogo wangu, yaani unamsifu mtu kwa kukaa kimya?"

"Ndiyo, dada," nilimjibu, kwa kuwa hilo ndilo hasa nililokuwa nikijaribu kulieleza. Waigizaji wengi hodari huonekana uhodari wao wanapopewa maneno ya kusema. Ronan huonekana zaidi wakati mwenzake anaposema naye akasikiliza. Ndiyo maana sikuwahi kuwaamini sana wale waliokuwa wakimsifu kwa ustadi wa kubadilisha lafudhi tu, ingawa ustadi huo anao kweli.

Habari za miaka iliyofuata nilimweleza kwa haraka. Mtu anayemfuatilia mwigizaji aliyeanza utotoni huishi na hofu, kwa maana wengi wao husahaulika mara tu sura ya kitoto inapotoweka, na mimi nilikuwa na hofu hiyo kila filamu yake mpya ilipotangazwa. The Lovely Bones ya mwaka 2009 sikuipenda. Niliona kwamba picha zilizotengenezwa kwa kompyuta zilimfunika. Hanna ya mwaka 2011, iliyomrudisha kwa Joe Wright, ilinitoa wasiwasi kidogo, na katika The Grand Budapest Hotel alikuwa na nafasi ndogo aliyoitendea haki.

Kisha ikaja Brooklyn mwaka 2015, nikarefusha tena maelezo. Ronan alizaliwa New York mwaka 1994 na wazazi wa Kiayalandi, akakulia Ayalandi, kwa hiyo hadithi ya msichana anayeuacha mji wake mdogo na kuvuka bahari kwenda Marekani haikuwa mbali na habari za familia yake. Humo mna chakula cha Krismasi kinachoandaliwa kwa wazee wa Kiayalandi wasio na mtu, na mmoja wao anasimama na kuimba wimbo wa Kiayalandi. Kamera inatulia usoni mwa Ronan, naye hafanyi lolote ila kumsikiliza yule mzee, na hapo tunaelewa ameacha nini nyuma yake, bila kuambiwa na mtu. Filamu hiyo ilimletea uteuzi wa pili, na tuzo ikachukuliwa na Brie Larson.

Wakati huo kulikuwa kumepambazuka. Lady Bird, filamu ya Greta Gerwig iliyokuwa imempa Ronan tuzo ya Golden Globe mwezi Januari, ilikuwa imeteuliwa katika vipengele vitano vya Oscar, na Laurie Metcalf, aliyeigiza kama mama yake, alikuwa ameshashindwa na Allison Janney katika kipengele cha mwigizaji msaidizi. Jodie Foster, akitembea kwa magongo, alipanda jukwaani pamoja na Jennifer Lawrence kumtangaza mwigizaji bora wa kike. Walikuwa wanawake watano: Sally Hawkins, Frances McDormand, Margot Robbie, Ronan na Meryl Streep. Likasomwa jina la McDormand.

Dada alinigeukia kuona kama nitalia. Sikulia, kwa sababu McDormand alikuwa amekwisha kushinda karibu kila tuzo kubwa ya msimu ule na hakuna aliyeshangaa. Aliiweka sanamu yake chini sakafuni, akawaomba wanawake wote walioteuliwa wasimame, akianza na Meryl Streep ili wengine wafuate, nami nikawa natafuta gauni la waridi la Ronan miongoni mwa waliosimama. Kilichonikera ni kingine. Katika Lady Bird kuna mazungumzo kwenye chumba cha kujaribia nguo, ambapo mama anamwambia binti yake kwamba anataka awe bora kadiri anavyoweza kuwa, na binti anauliza itakuwaje ikiwa hapo alipo ndiyo mwisho wa ubora wake. Mama hajibu, anamtazama tu. Mazungumzo hayo hayawezi kugawanywa, kwa sababu swali la mmoja lina uzito kutokana na ukimya wa mwingine, lakini utaratibu wa tuzo unamweka mama katika kipengele kimoja na binti katika kingine, kila mmoja apimwe kana kwamba alikuwa akizungumza na ukuta. Mwisho wa sherehe Lady Bird haikupata tuzo hata moja kati ya tano.

Nilipoyasema hayo, dada aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza usiku kucha nilikuwa nimesema jambo la maana, akaniomba nimwandikie orodha ya filamu za Ronan.

Mwezi Januari 2020 Ronan aliteuliwa kwa mara ya nne kwa Little Women, akiongozwa tena na Gerwig, akiwa na miaka 25. Ni Jennifer Lawrence peke yake aliyewahi kufikisha teuzi nne akiwa na umri mdogo zaidi yake. Safari hiyo tuzo ilikwenda kwa Renée Zellweger. Dada alikuwa amezimaliza filamu zote, na tulitumia muda mwingi zaidi kubishana kuhusu The Lovely Bones kuliko kuhusu matokeo. Yeye anashikilia kwamba nimeionea, kwa kuwa msichana aliyeuawa katika hadithi ile anaitazama familia yake bila wao kuweza kumsikia wala kumwona, na mwigizaji anayejua kusikiliza hapimwi mahali pagumu kuliko pale ambapo hakuna anayezungumza naye. Mimi bado nasema picha zile za kompyuta zilimfunika.