Mfuko mmoja wa DAP hautoshi ngano

Shamba la ngano likitoa magunia 10 ya kilo 90 kwa ekari, umevuna kilo 900. Ngano yenye protini ya kawaida hubeba karibu kilo 2 za naitrojeni katika kila kilo 100 za punje, kwa hiyo kilo 18 zimetoka shambani ndani ya magunia, mbali na zile zilizobaki kwenye majani makavu. Sasa tazama mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia. Naitrojeni ndani yake ni asilimia 18, yaani kilo 9. Mkulima wa Narok au Uasin Gishu, Kenya, anayeweka mfuko huo tu wakati wa kupanda, kisha akangoja mavuno, ardhi yake ndiyo inayolipa deni kila msimu.

DAP ina kazi yake: fosforasi. Fosforasi haitembei udongoni, ndiyo maana huwekwa karibu na mbegu ili mizizi michanga iifikie. Yurea, mbolea yenye naitrojeni nyingi, usiichanganye na mbegu, huunguza chipukizi.

Mbolea ya kukuzia ndiyo inayojaza pengo, na hapa wakati una uzito kuliko wingi. Ngano huanza kutoa machipukizi ya pembeni wiki ya tatu au ya nne. Idadi ya masuke huamuliwa hapo. Ukichelewa hadi suke litokeze, naitrojeni itaongeza protini kidogo, lakini masuke yaliyokosekana hayarudi. Ng'oa mimea michache, pasua shina kubwa kwa wembe kuanzia kwenye mizizi. Kama bado hujaona kifundo kilichopanda juu, uko ndani ya muda; kikiwa kimeinuka kama sentimita moja, mmea umeanza kurefuka, nawe umebakiza siku chache. Mfuko mmoja wa yurea una kilo 23 za naitrojeni, wa CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, karibu kilo 13. Yurea iliyobaki juu ya udongo bila mvua ya kuizamisha hugeuka hewa ya amonia na kupotea, kwa hiyo subiri mvua iwe karibu. Ukizidisha, ngano hurefuka, ikalala kwa upepo na mvua, na mashine ya kuvunia ikaacha masuke chini.

Kuna mashamba yanayopewa mbolea yote hiyo na bado ngano inadumaa. Hapo shuku asidi. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwemo, huongeza asidi mwaka baada ya mwaka. pH, kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka, inafupisha mizizi, na pamoja na chuma inaishika fosforasi uliyoinunua kwa bei ghali. Pima udongo kwanza, kisha mwaga chokaa ya kilimo kwa kiwango utakachopewa na uichanganye na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Chokaa iliyobaki juu haifiki kwenye mizizi. Na katika udongo wa volkano wa upande wa Nakuru, ncha za majani zikiwa nyeupe na kujisokota, masuke yakabaki matupu, shida ni upungufu wa shaba. Naitrojeni zaidi itauzidisha tu.

Jambo linalosikitisha ni mashine ya kupandia isiyopimwa. Tuseme upana wake ni mita 3. Funga mifuko chini ya mirija, tembea mita 50: hizo ni mita mraba 150, karibu sehemu moja ya 27 ya ekari. Ukitaka kilo 50 za mbegu kwa ekari, mifuko yote pamoja iwe na kilo 1.85. Ikizidi au ikipungua, rekebisha na urudie. Fanya vivyo hivyo kwa sanduku la mbolea, kisha linganisha mrija kwa mrija, kwa sababu mmoja ulioziba huacha mstari mtupu shamba zima, na magugu ndiyo yatakayokula mbolea ya mstari huo.