Nilivyoifuata pwani ya mashariki ya Unguja kwa vespa wakati wa kusi

Kisiwa cha Unguja kina urefu wa takriban kilomita 85, na mtu mwenye gari na haraka zake anaweza kutoka Makunduchi asubuhi akala chakula cha mchana Nungwi. Ndiyo maana wengi wetu tuliokulia Mjini Zanzibar tunaijua pwani ya mashariki kwa vipande: tumekwenda Makunduchi kwa sherehe za Mwaka Kogwa, Paje kwa harusi, Chwaka kununua samaki, na kila mara tumerudi siku ile ile. Mimi na mke wangu tuliamua kuipita yote kwa mfululizo, polepole, kwa vespa, katika mwezi wa Julai ambapo kusi, upepo wa kusini, imeshika. Ninaeleza hapa namna tulivyoipanga, kwa sababu kinachoitatiza safari ya aina hii si masafa bali ni maji na upepo.

Nianze na maji. Upande wa mashariki bahari imezungushiwa mwamba ambao mawimbi makubwa huvunjikia huko nje, na kati ya mwamba na ufuo pana eneo pana la maji haba. Wakati wa bamvua, siku ambazo maji hutoka na kuingia kwa nguvu zaidi, maji yakipwa, eneo hilo hubaki wazi kwa kilomita nzima au zaidi, na anayefika na nguo zake za kuogelea saa hiyo hukuta mchanga, majani na wanawake walioinama. Anayefika maji yamejaa hukuta bahari nzuri ya kuoga, lakini hakuna kazi yoyote ya watu wa pwani atakayoiona. Kwa hiyo kabla ya kuangalia barabara tuliangalia mwezi. Mtu anayefuata tarehe za Kiislamu ana jedwali la maji mkononi bila ya kununua kitabu: mwezi unapoandama na unapokuwa kumi na tano, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, mwezi nane na ishirini na mbili hivi ni maji mafu, ambayo hayatoki sana wala hayaingii sana. Kwetu huku bamvua hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, kisha kila siku maji huchelewa kwa kiasi kisichofika saa moja. Tuliondoka mara tu baada ya mwezi kumi na tano, ili vijiji vya kusini, ambavyo ndivyo vyenye mwani mwingi, tuvikute katika bamvua, na vya kaskazini tuvifikie maji yakianza kufa.

Upepo nao ulituamulia upande wa kuanzia. Kusi hutoka kusini na kusini mashariki, kwa hiyo anayeanzia Makunduchi kuelekea kaskazini huupata mgongoni na begani kulia, ilhali anayeanzia Nungwi huupokea usoni njia nzima pamoja na mchanga wake. Kwa mwenye gari ni jambo dogo. Kwa mwenye vespa iliyobeba watu wawili na begi ni tofauti kati ya starehe na adhabu. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekaa nyuma, aliukunja upindo wa baibui na kuukalia, akaufunga ushungi kwa pini mbili, na baada ya hapo hakuwa na neno tena na upepo.

Tulijaza petroli Mjini, kwa kuwa vituo upande wa pili ni vichache na petroli ya chupa ya dukani ni ya dharura tu. Kwenye msitu wa Jozani tulipunguza mwendo kabla hata ya kufikia matuta, kwani kima punju huvuka barabara kwa makundi na hawana habari na honi. Mnyama huyu hapatikani kwa asili mahali pengine popote ila Unguja, na kumgonga kwa sababu ya dakika mbili ni jambo ambalo nisingependa kulisimulia. Baada ya Kitogani tukashika njia ya Muyuni hadi Kizimkazi, na kwa kuwa ilikuwa Ijumaa tulifika Dimbani mapema ili niwahi sala. Msikiti wa Dimbani kwa nje ni jengo la paa la bati ambalo mgeni angeweza kulipita bila ya kugeuka. Ndani, pembeni mwa mihrabu, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kusali mahali ambapo watu wamesali kwa zaidi ya miaka mia tisa, na bado ni msikiti wa kijiji wala si makumbusho, kwangu kulitosha kuihalalisha safari nzima.

Kutoka Makunduchi kwenda Jambiani lami ni nzuri, lakini lazima niseme ukweli ambao picha za watalii haziuonyeshi: barabara yenyewe haionyeshi bahari. Kwa sehemu kubwa unapita katikati ya mawe, vichaka, minazi na nyumba, na bahari iko nyuma yake. Asiyekata kona kuingia kwenye vichochoro vya mchanga atafika Michamvi akidhani pwani ni ukuta wa hoteli. Kanuni yetu ikawa kuingia kila kijiji, kuiacha vespa kivulini penye watu, kusalimia, na kuteremka kwa miguu.

Jambiani ndiko tulikokaa zaidi. Maji yalikuwa yamekwenda mbali, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyekuwa akirudi na kiroba cha mwani kichwani aliitikia salamu ya mke wangu, akakitua mzigo, akajitolea kuturudisha hadi kwenye mistari yake. "Fuata nyayo zangu mwanangu, hapo penye majani pana miba," aliniambia, nami nikazifuata kama mtoto. Shamba lake lilikuwa safu za vigingi vilivyopigwa mchangani, kila jozi imeunganishwa kwa kamba, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo kila baada ya kiganja. Alikivuta kimoja, akakikung'uta mchanga, akakikata kwa vidole na kuacha kipande kidogo ili kiwe mbegu. Ulikuwa mwani mwembamba. Mwani mnene, ambao una bei nzuri zaidi, alisema aliuacha kwa sababu ulikuwa ukioza. Katika maji haya haba joto limeuzidi nguvu, na wanaoutaka sasa hulazimika kwenda maji ya kina, mahali ambapo wengi wa wanawake hawa, wasiojua kuogelea, hawafiki bila ya mashua. Kilimo hiki kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na wanawake ndio waliokishika hadi leo, kwa bei ambayo kwa maoni yangu haifanani hata kidogo na uchovu wa mgongo niliouona. Karibu na ufuo alituonyesha pia mashimo yaliyofunikwa kwa mawe, ambamo makumbi ya nazi hulala miezi kadhaa hadi yalainike, kisha hutolewa, hupigwa kwa gongo na kusokotwa kamba.

Paje hatukukaa. Wakati wa kusi anga yake imejaa matiara makubwa ya wageni wanaovutwa juu ya maji, na ni kweli yanapendeza kwa nusu saa, lakini kelele za muziki na bei za chai ni za mahali pengine. Bwejuu na Dongwe ni tulivu zaidi. Michamvi tulilala upande wa Kae, unaotazama ghuba ya Chwaka magharibi na kukingwa na kusi, mahali ambapo baada ya kutwa ya upepo masikioni mtu husikia tena maneno ya mwenziwe bila ya kupaza sauti.

Kutoka Michamvi unaiona Chwaka ng'ambo, lakini hakuna barabara ya kuvuka. Mikoko ya ghuba imeziba. Waendao kwa miguu huvuka kwa mashua. Sisi tulirudi Paje, upepo ukiwa mbele safari hii, tukapita Jozani, Jumbi, Koani na Dunga. Chwaka tulifika wakati wa mnada wa samaki, tukanunua changu wawili na kuomba tukaangiwe, kisha tukaendelea bila ya haraka: Marumbi, Uroa, Pongwe. Pongwe ina ghuba ndogo yenye minazi ambayo ningeichagua kuliko Kiwengwa na hoteli zake zote. Matemwe tuliikuta katika maji mafu kama tulivyokusudia, na mbele yake kisiwa cha Mnemba, mstari mweupe wa mawimbi ukikizunguka.

Nungwi ndiko mwisho wa ardhi. Huko bahari haikimbii kama ya mashariki, unaweza kuoga saa yoyote, na mchana kutwa unasikia nyundo za mafundi wa majahazi ufuoni. Tulirudi Mjini kwa njia ya Mkwajuni, Kinyasini na Mahonda, ambayo yote ni kuielekea kusi. Kwa hiyo tuliondoka mara baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu upepo huo hupungua usiku na hauanzi kushika nguvu hadi jua lipande, na tukafika Darajani maduka ndiyo kwanza yanafunguliwa.