Msiba wa khan na nyasi za farasi

Ukizungumzia himaya za kivita hapa Tabora, mtu atakutajia mtemi Mirambo tu. Alifariki Desemba 1884, na miaka michache baadaye nchi aliyoiunganisha kwa wapiganaji wake, rugaruga, ilikuwa vipande. Himaya ya Wamongolia ilikuwa kubwa kupita kiasi ukilinganisha na Urambo, ila ufa wake ulianzia palepale, kwenye kiti cha utawala.

Mwaka 1206, kando ya mto Onon, Temüjin alitawazwa kuwa Genghis Khan, mtawala wa Wamongolia. Kwangu mimi kazi yake kubwa kuliko vita vyote ni ile hesabu ya makumi: askari 10, 100, 1,000, hadi 10,000, kikosi kilichoitwa tumen. Watu wa koo alizozishinda aliwatawanya humo, na kuhama kikosi bila ruhusa adhabu yake ilikuwa kifo. Ukoo ukakosa pa kusimamia.

Halafu farasi. Askari mmoja alikwenda nao watatu hadi watano, akichoka huyu anapanda yule. Farasi hao waliparua theluji kwa kwato wakala nyasi za chini, ndiyo maana Urusi ilivamiwa wakati wa baridi, mwishoni mwa 1237, mito ikiwa imeganda na kugeuka barabara. Lakini piga hesabu kama mfugaji. Tumen moja, farasi watano kwa kila mtu, ni farasi 50,000. Kila mmoja akinywa lita 20 tu, ni lita milioni moja kwa siku, na malisho ya kesho lazima yawe huko mnakokwenda. Syria ya kiangazi haina hayo. (Huku kwetu wasingefika hata Sikonge, mbung'o wangewamaliza farasi.)

Hulagu, mjukuu wa Genghis, aliiteka Baghdad Februari 1258, kisha akaingia Syria. Agosti 1259 kaka yake Möngke, Khan Mkuu, akafia China akiizingira ngome. Habari zilipofika, Hulagu aliondoka na sehemu kubwa ya jeshi kuelekea Azerbaijan, akamwachia kamanda wake Kitbuqa kikosi kidogo. Septemba 3, 1260, Wamamluki, askari waliotawala Misri, wakakivunja pale Ain Jalut, Palestina. Wengine husema kilichomwondoa Hulagu ni msiba, wengine nyasi. Naona vyote viwili vilivuta upande mmoja.

Tatizo la urithi lilikuwa hili: mtoto wa mwisho hurithi makao ya baba, wakubwa nao wana heshima yao, na mwisho baraza la kurultai ndilo linalochagua. Mwaka huo wa 1260 wadogo wa Möngke, Kublai na mdogo wake Ariq Böke, kila mmoja akaitisha kurultai yake! Kublai alishinda mwaka 1264, na silaha yake kubwa ilikuwa tumbo: alizuia nafaka za China zisifike Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia usioweza kujilisha. Wakati huo Berke wa Kundi la Dhahabu, tawi la Wamongolia lililoitawala Urusi, alikuwa tayari anapigana na Hulagu, binamu yake.

Baada ya hapo ni kumeguka tu. Uajemi, chini ya kizazi cha Hulagu, ilijaribu noti za karatasi mwaka 1294, soko la Tabriz likakwama, zikafutwa. Mwaka 1335 mtawala wake Abu Said akafa bila mtoto wa kiume wa kumrithi. China iliwafukuza Wamongolia mwaka 1368. Warithi wa Kundi la Dhahabu waliitawala Moscow kwa kujikongoja hadi 1480, walipotazamana na jeshi la Moscow ng'ambo ya mto Ugra kwa wiki kadhaa, baridi ikaingia, wakageuza farasi wakarudi kwao.