Jahazi la Nahodha

Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka bara uliharibika Desemba 2009, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Maji yakawa ya kubeba kwa madumu, samaki hawalazwi, na mwenye jenereta akawa mtu wa kuamkiwa mara mbili. Bosi wangu wa kafe ya intaneti, kule Mkunazini, alikuwa nayo moja, kelele nyingi nguvu kidogo. Akiiwasha baada ya magharibi, vijana wameshajaa viti. Intaneti yenyewe ilikuwa ya kusuasua, tena ghali. Walichokuwa wakikifuata ni mchezo wangu, ambao haukuhitaji kutoka nje ya chumba kile: seva ilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza yangu, na mashine nyingine zote zimeungwa nayo kwa waya.

Ulikuwa mchezo wa maandishi matupu. Michezo ya namna hiyo, ya watu wengi kuishi ndani ya dunia moja kila mtu na uhusika wake, ilianzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kwa mikono ya Roy Trubshaw na Richard Bartle. Mimi nilichukua programu ya DikuMUD, kazi ya wanafunzi wa Copenhagen ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikaifumua. Makasri na mazimwi nikayatoa, nikaweka Darajani, Forodhani, Wete, na pango moja lenye jini mkorofi. Ukifika Mkoani, kioo kinakwambia: “Uko gatini. Magunia ya karafuu yamepangwa hadi juu. Njia: kaskazini, mashariki.” Unaandika “chukua gunia”, unaandika “enda kaskazini”, na mwenzako aliye kiti cha tatu anaona jina lako likiondoka. Basi. Lakini watu walikuwa wakirukwa na roho kwa herufi zile.

Kitu cha thamani kuliko vyote kilikuwa jahazi. Kulipata ni kuuza karafuu magunia kwa magunia, na njiani kuna maharamia. Kijana mmoja wa sekondari, ndani ya mchezo akijiita Nahodha, alikuwa wa kwanza kulipata. Sikumbuki kumwona mtu mzima aliyejenga nyumba akitembea kwa mikogo vile.

Usiku mmoja jenereta ikazima. Watu wakatoka nje kupunga upepo, na iliporudi kuwaka, kijana mkubwa aliyejiita Kipanga akawahi kiti cha Nahodha. Neno la siri alilijua. Pale kila mtu alikuwa akilitaja kwa sauti huku akilichapa. Alipomaliza, Nahodha hana jahazi.

Kesho yake alasiri nikasikia hodi. Bibi mmoja, buibui limefungwa kizamani, mjukuu nyuma yake.

“Ndipo hapa palipoibiwa jahazi?”

“Shikamoo bibi. Karibu kiti. Jahazi lenyewe si la kweli, ni maandishi tu humu ndani.”

“Marahaba. Huyu kalihangaikia, hakulihangaikia?”

“Kalihangaikia.”

“Na sasa analo mwengine?”

“Analo.”

“Basi hata hati ya shamba langu la mikarafuu ni maandishi, mwanangu. Mtu akija nayo mkononi, nikamwambie ni maandishi tu?”

Nilimwonyesha faili. Kila mchezaji alikuwa na lake, na kila anachomiliki ni namba kwenye mstari. Kuutoa mstari wa jahazi kwa Kipanga na kuubandika kwa Nahodha ilikuwa kazi ya vidole viwili, na nilikuwa tayari kuifanya palepale ili bibi aende zake. Akanizuia. Alitaka aliyechukua arudishe mwenyewe, mbele ya watu.

Tukakaa barazani baada ya isha: bibi, bosi wangu, mzee jirani muuza kahawa, na vijana wamesimama wamezunguka. Kipanga hakuwa mjinga. Akasema mchezo wenyewe una wezi, amri ya “iba” nimeiweka mimi, sasa kosa lake lipi? Vijana wakamshangilia, na kwa kweli hoja ilikuwa nzito. DikuMUD ina amri hiyo tangu ilipozaliwa, na mimi niliiacha kwa sababu dunia isiyo na mwizi hainogi.

Mzee wa kahawa akaniuliza kama kuna daftari la yaliyofanyika. Lipo, seva huandika kila amri na saa yake. Nikasoma kwa tochi: jina la Nahodha, kisha “mpe Kipanga jahazi”.

“Kwa hiyo hukuandika ‘iba’,” mzee akamwambia.

“Sikuandika.”

“Basi hukucheza wizi, bwana. Umejipa kwa mkono wa mwenzio.”

Hata waliokuwa wakishangilia walinyamaza. Kipanga akaingia ndani, akarudisha.

Kazi niliyokuja kuifanya baadaye, kusimamia ubadilishanaji wa vitu ndani ya mchezo wa kampuni moja ya ng'ambo, ilikuwa kama baraza ile ile tu. Wenye Ultima Online, mchezo wa mtandaoni wa watu wengi, waliteswa na uporaji hadi mwaka 2000 wakaigawa dunia yao mbili, moja ya kuuana na moja ya amani. Na Januari 2012 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kwamba vijana waliompiga mwenzao ili awakabidhi kinyago na hirizi vya ndani ya RuneScape, mchezo mwingine wa mtandaoni, walikuwa wezi, kwa sababu vitu vile vilikuwa na thamani kwa mwenyewe, ambaye alivitolea muda na jasho. Nilipoisoma habari ile nilicheka peke yangu. Majaji wale wangempigia bibi simu, wangeokoa miaka.

Tena msidhani Nahodha alikaa na jahazi lake. Kabla ya umeme kurudi alimuuzia Kipanga yule yule, kwa urojo na mishikaki ya kulipwa Forodhani kila Ijumaa. Bosi akataka asilimia. Mimi nikakaa usiku ule kuandika amri mpya, “uza”, ambayo haiendi mpaka pande zote mbili ziandike “nakubali”.