Kumbukumbu ya mradi: skripti ya wachumba wawili, rasimu ya tatu

Wiki hii nimefuta kurasa nne, na hadithi imeanza kupumua.

Ni filamu fupi ya vichekesho vya mapenzi: fundi saa na mpiga gitaa wanamgombea mshonaji mmoja. Nalenga kurasa 20, kwa kuwa ukurasa wa skripti ni kama dakika moja ya filamu.

Kilichonikwamisha ni fundi saa. Kwenye rasimu mbili za mwanzo nilimfanya mchoyo na mwenye majivuno ili mwenzake apendeke. Nilipoisoma kwa sauti, mshindi alishajulikana ukurasa wa tatu, na mshonaji akaonekana hana akili kwa kumkaribisha tu mtu kama yule.

Nikarudi kwa Ralph Bellamy, mwigizaji wa Marekani. Katika filamu za The Awful Truth (1937) na His Girl Friday (1940) anashindana na Cary Grant, na mara zote mbili anaachwa. Ile ya kwanza ilimfikisha hadi kuteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Mtazame vizuri: hana ubaya wowote. Ni mpole, mkweli, na mama yake hayuko mbali. Ila katika ile ya pili Grant na Rosalind Russell, mwanamke anayegombewa, wanadakizana maneno kama watu waliozoeana miaka, naye amekaa katikati hapati pa kuingilia. Hakuna anayetuambia kwamba atashindwa. Masikio yetu yanajua mapema.

Basi fundi saa wangu sasa ni mwema, mwema kweli. Onyesho jipya: wote wawili wanafika asubuhi moja, kila mmoja na shati lililotoka kifungo. Mshonaji anageuza vitambaa kwenye mwanga. Uzi wa shati moja umekatwa safi kwa mkasi mdogo. Jingine limenyofolewa hadi kitambaa kikachanika.

“Wewe umekata,” anamwambia fundi saa. “Na wewe…”

“Nilikuwa na haraka,” anadakia mpiga gitaa.

Mshonaji anacheka. Fundi saa anaomba radhi, kwa dhati, lakini kicheko kimeshapita. Hapo ndipo anaposhindwa, na hakuna aliyemwonea. Nimeiandika mara sita, na hii ndiyo ninayoipenda.

Kesho ni ukurasa wa 17, fundi saa anaaga. Nataka aondoke na shati lake, kifungo kikiwa kimeshonwa imara.